Mshono wa Mgongoni

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kufumua kiraka ambacho hakuna aliyeniomba nikifumue. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye cherehani, hapa Garsen, kwenye kibaraza ambacho sasa ni chenu. Mzee Dadho, mfugaji anayejulikana na nusu ya mji, aliniletea kikoi chake nikipinde ukingo uliokuwa unachanika. Ukingo ulinichukua dakika kumi. Kisha nikaona kiraka pale kwenye paja. Kilikuwa kimekaa upande, uzi mweusi juu ya kitambaa cha samawati, mishono mirefu kama hatua za ngamia. Sikuweza kukiacha. Nikachukua wembe, nikakifumua, nikakata kiraka kipya kinacholingana rangi, nikakishona kwa mishono midogo ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona.

Alipokuja alikikunjua kikoi, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kiraka changu kiko wapi?"

"Nimekuwekea kizuri zaidi, Mzee."

"Kile nilikishona mwenyewe. Nilikuwa Nanighi na ng'ombe, peke yangu, kwa sindano ya gunia." Akanisukumia kikoi. "Kirudishe."

Nikakitafuta kile kiraka kwenye mfuko wa vitambaa vya kutupa, nikakirudisha na uzi wake mweusi, nikajitahidi kushona vibaya. Mzee Dadho akakichunguza, akasema, "Huu si mshono wangu. Huu ni wako unajifanya wangu." Akaondoka nacho. Kwa mwaka mzima alipita mbele ya kibaraza akimsalimia mama wa chai aliye jirani, mimi akinipita kama nguzo.

Saumu na Jilo, wanafunzi wangu, mliniomba niandike yale ninayoyakumbuka kabla sijayasahau. Wanaostaafu kwa kawaida huwa na mvi. Mimi nina miaka thelathini na miwili na kifundo cha mkono wa kulia ambacho hakikubali tena kushika makasi zaidi ya robo saa. Daktari alinieleza kwa upole, nami nikamwuliza mara nne kama ana uhakika. Kwa hiyo naandika haya kwa simu, kwa dole gumba la kushoto, na kila sentensi naifuta mara mbili. Mnanijua.

Sikufundishwa na mtu kushona. Nyumbani kwetu watu walijua ng'ombe, na baba alisubiri miaka miwili mizima ugonjwa huu wa cherehani unipite. Nilijifunza kwa makoti ya mitumba. Nilikuwa nalinunua koti, nalipindua ndani nje, nafumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, halafu naushona tena kwa kufuata matundu yaliyoachwa na sindano ya kiwandani. Matundu yale ndiyo yalikuwa walimu wangu. Koti la kwanza lilipokamilika lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Nililivaa msimu mzima wa joto, kama adhabu.

Namna hii ya kujifunza ina hasara yake, na afadhali niikiri mapema. Mtu aliyejifunza kwa kufumua huona kila nguo kama kitu kinachongoja kufumuliwa. Nilikuwa nahesabu mishono kwenye mashati ya watu tuliposimama kwenye foleni. Niliwahi kwenda kwenye harusi nisiyoalikwa, Hola, ili tu nihakikishe zipu niliyomtilia bibi harusi haijavutika. Haikuwa imevutika. Nililishwa pilau na watu walionidhania jamaa wa bwana harusi, nikarudi nyumbani nikiwa bado na wasiwasi.

Aliyenivumilia alikuwa Fundi Shee. Nyinyi mmemkuta akiwa ameshapunguza kazi, lakini wakati ule alikaa kibaraza cha tatu kutoka hapa, akitia tarizi kwenye shingo za kanzu kwa mkono. Ametoka Kipini na hajawahi kuibadilisha lugha yake ili imfurahishe mtu wa Garsen. Hakunifundisha chochote kwa kukaa chini na kunifundisha. Aliniita tu, "Ndoo hapa," akashika kazi yangu, akasema neno moja, akanirudishia. Siku moja alinishika nikifumua kola kwa mara ya tano.

"Bonaya, mato yako yaona kosa kabla hayajaiona nguo," akasema.

Nilidhani ananisifu.

Mengine ya kushika ni haya. Makasi ya kitambaa yasikate karatasi hata siku moja, hata mwenye karatasi akiwa chifu. Vumbi la hapa huingia kwenye mafuta ya cherehani likawa kama uji, kwa hiyo futeni kwanza ndipo mtie mafuta mapya. Kipande cha sabuni kilichobaki kikawa chembamba huchora vizuri kuliko chaki, nacho hutoka kwa maji. Na pasi ya makaa ipulizwe nje, mbali na nguo ya mtu yeyote, hasa nyeupe. Hilo la mwisho sitaeleza nilivyolijua.

Sasa nifike kwenye kazi mliyoniuliza zaidi, ile nguo ya mvushaji.

Mwalimu Haluwa alikuja kibarazani juma moja na nusu kabla ya siku ya utamaduni shuleni kwake. Alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu kulikuwa na filamu. Ilikuwa filamu ya mambo ya zamani huku kwetu mtoni, na katikati yake alikuwapo mwanamke anayevusha watu kwa mtumbwi wakati wa mafuriko. Haluwa alitaka kusimama mbele ya wazazi na wanafunzi akiwa amevaa kama mwanamke yule.

"Kwa nini yeye?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ni mama yake nyanya yangu," akasema. "Jina lake Habona, wa Kulesa. Walikuja watu kutoka Nairobi miaka ile, wakamhoji nyanya kutwa nzima. Filamu ilipotoka, jina wamebadilisha, lakini mambo ni yale yale."

"Basi nyanya yako amefurahi."

"Alitazama mpaka yule mwanamke akatokea. Akaniambia nizime simu. Akasema, huyu si mama yangu, mama yangu hakuvaa hivi. Tena akaniapia kwamba nikisimama mbele ya watu na nguo kama ile, nisilitaje jina la Habona. Nivae ninavyotaka, lakini jina nisilitaje."

Haluwa hakuwa mtu wa kulalamika. Aliniambia hayo huku akiufunga na kuufungua mkoba wake. Jina lile halijaandikwa mahali popote, akasema. Nyanya Eliza ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka mwenyewe, na umri umekwenda. Yeye Haluwa alitaka litajwe mara moja mbele ya watu, nyanya akiwa amekaa hapo anasikia.

Niliichukua filamu ile kama mgonjwa wangu. Niliitazama mara kumi na moja. Nilikuwa naisimamisha, naikuza picha kwa vidole, nachora. Yule mwanamke alikuwa amevaa leso inayong'aa, rangi nne, maandishi yake yanasomeka vizuri hata mtumbwi ukiyumba. Mara ya tisa, alipoinua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, niliona chini ya kwapa kitu kinachometa. Ilikuwa zipu. Nilikwenda mbio kwa Fundi Shee kumwonyesha.

"Zipu kwenye mafuriko ya zamani, Fundi."

"Labda iliogelea kutoka Malindi," akasema, akaendelea na tarizi yake.

Nikaamua kwamba nguo yangu itakuwa ya kweli kuliko ya filamu. Niliuliza wazee wa kike wanne, sokoni na msikitini kwetu, na kila mmoja alitaja marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Fundi Shee alinieleza kwamba marekani ya zamani ilikuwa nyembamba. Alinyoosha mkono kando, akageuza uso upande wa pili, akanionyesha upana wake, kutoka ncha za vidole mpaka puani. Mwanamke mrefu alilazimika kuunganisha pande mbili ili nguo imfike kwapani.

Hayo niliyasikia vizuri. Naomba mzingatie kwamba niliyasikia. Lakini niliyachukua kama shida ya watu wa zamani, shida ambayo mimi, fundi wa leo, nilikuwa na uwezo wa kumwondolea Habona. Niliagiza marekani pana, upana wa shuka ya kitanda kikubwa, ili pasiwe na kiungo hata kimoja. Niliichemsha na majani ya chai mara tatu mpaka ikapata rangi ya nguo iliyovaliwa miaka, nikaiharibu sufuria ya mama. Nilipinda kingo kwa mishono isiyoonekana. Ilipokamilika niliitundika ukutani na kuitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona cha kufumua.

Jumatatu tukaenda Kulesa, mimi na Haluwa. Nyanya Eliza alikuwa amekaa ukumbini kwake anachambua mchele, mwanamke mdogo wa mwili, macho yameingia ukungu. Aliniuliza jina la baba yangu, na nilipomjibu akacheka.

"Mtoto wa wafugaji. Sisi tulidhani nyinyi mnajua kukama tu."

"Kukama nilishindwa, Nyanya. Ndipo wakaniacha nishone."

"Haya. Lete tuone kama umeshindwa na hili."

Haluwa akaivaa nguo, akaifunga kwapani kama alivyoonyeshwa. Nyanya Eliza alisimama, akamwendea, akamgeuza. Hakuitazama nguo. Alipitisha kiganja mgongoni mwa Haluwa, kutoka kushoto hadi kulia, chini ya mabega. Akarudia. Akapitisha tena juu kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Mshono uko wapi?"

"Hakuna mshono, Nyanya," nikasema, na nilisema kwa majivuno, ndiyo maana nakumbuka. "Nimetafuta kitambaa kipana."

Akauondoa mkono. "Basi si yake."

"Nyanya, jamani, ni mshono tu," Haluwa akasema.

"Wewe ulibebwa na pikipiki. Mimi nilibebwa mgongoni kwa mama, na shavu langu lilikuwa juu ya mshono ule. Asubuhi mpaka jioni, watu wanavushwa, mimi nimelala pale. Nikiamka, alama imebaki hapa." Akajigusa shavu. "Baba ndiye aliyeunganisha. Walikuwa wamegombana siku hiyo, akashona kwa hasira, sindano ikaenda inakotaka yenyewe. Uzi ukamkatikia katikati, akafunga fundo kubwa. Mimi nilikuwa nalichezea fundo lile mpaka usingizi unishike."

Akarudi kwenye mchele wake. Akasema, bila ukali, "Ni nguo nzuri, mwanangu. Itafutie mtu mwingine."

Tulirudi Garsen. Nilijua nilichokifanya. Nilikuwa nimefumua kiraka cha Mzee Dadho kwa mara ya pili, safari hii kabla hata hakijashonwa.

Jumanne niliikata marekani ile nzuri. Nilitoa upande mmoja wenye upana wa zamani, na kipande chembamba cha shibiri moja cha kuongezwa juu. Nikaunganisha kwa cherehani. Ukatoka mnyoofu. Nikafumua. Nikaunganisha kwa mkono, ukatoka mnyoofu vilevile, mkono wangu ulikuwa umeshazoea adabu hiyo. Nikafumua. Kisha nikachukua kipande cha sabuni nikachora mstari unaopinda, juu kidogo, chini kidogo, nikaanza kuufuata. Fundi Shee, ambaye nilishamsimulia yote ya Kulesa, alikuwa amesimama nyuma yangu, sikujua tangu lini.

"Umepima upotovu kwa rula?"

"Kwa tepu, Fundi."

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akavuta kiti. "Yule mume wa Habona hakutaka kupotoa. Alikuwa na mambo mengine kichwani. Wewe kichwani mwako mna mshono tu. Chukua kitambaa na sindano, enda kwa yule bibi, shona pale mbele yake. Uzi utoe kwenye kitambaa chenyewe."

"Uzi huo utakatika."

"Ehe," akasema Fundi Shee.

Siku ya utamaduni ilikuwa Ijumaa. Alhamisi mchana nilikuwa ukumbini Kulesa, nimekaa kwenye mkeka, nyuzi nilizozichomoa kwenye ukingo wa marekani zimewekwa juu ya goti. Haluwa alikuwa shuleni. Nyanya Eliza alikaa kwenye kigoda karibu nami, kiasi kwamba akitaka aweze kuigusa kazi.

Nilianza kwa hofu. Kila mishono mitatu nilimwuliza, "Hivi, Nyanya? Au ulikuwa mrefu zaidi?"

"Wewe hunyamazi," akasema. "Mimi nitasema. Wewe shona."

Akasema. Alisimulia mwaka ambao mto ulipanda mpaka mahindi yakazama, na mama yake akavusha watu tangu alfajiri, wafugaji wa kwetu na wakulima wa kwao, bila kuuliza mtu ni wa nani. Akasimulia mzee mmoja wa Orma, mfugaji kama watu wangu, aliyekataa kupanda mtumbwi bila ndama wake. Habona akamwambia ndama atavushwa kwanza, kwa sababu ndama hana maneno mengi. Nilicheka. Nikamwuliza kama yule mzee hatimaye alivuka. Akanionyesha kwa mikono jinsi mzee alivyokaa, ameng'ang'ania kingo mbili za mtumbwi, macho yamefumbwa, na huku ndama anamlamba kisogo. Nilimwuliza mambo mengine mengi. Nilisahau kwamba nilikuja kushona.

Uzi ukakatika. Nikafunga fundo bila kufikiri, nikaendelea, kwa sababu alikuwa amefika pale mama yake alipopoteza upondo na kuendesha mtumbwi kwa mwiko wa kusongea.

Nilipofika mwisho nikatazama chini. Mshono ulikuwa umepanda, umeshuka, mahali pengine mishono mitatu imebanana kama watu kwenye mlango, mahali pengine umeachia pengo. Fundo lilikuwa kubwa kama punje ya mtama. Niliona aibu ya kweli. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, mahali ninapoweka wembe.

Nyanya Eliza hakuona wembe, nadhani. Alisikia tu nimenyamaza. Akaweka kiganja juu ya mshono, akakiacha pale.

"Acha," akasema.

Nikaacha.

Haluwa alipofika kutoka shuleni, akaivaa. Nyanya akamwambia apige magoti ili amfikie. Akapitisha vidole mgongoni polepole, akifuata mshono unavyopanda na kushuka, akalifikia fundo, akalizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha akainama akaweka shavu pale. Mimi niligeuka nikaanza kukunja mkeka ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Fundo lilikuwa kushoto zaidi," akasema.

Nikaishika tena sindano. "Nitalihamisha, Nyanya. Sasa hivi."

"Usihamishe kitu. Mama alikuwa na mwili. Huyu hali. Angekula, lingekaa mahali pake." Akajiinua kwa kumshika Haluwa bega. "Kesho mje mnichukue mapema. Na jina ulitaje kwa sauti, Haluwa, usiseme kama unasoma rejista."

Ijumaa alikuja kwa gari la kanisa, akawekewa kiti mstari wa mbele. Haluwa alitoka mbele ya watu na upondo mkononi, marekani ya rangi ya chai mwilini, na alipogeuka kuonyesha jinsi mtumbwi unavyosukumwa, jua likaupiga mshono wa mgongoni. Ulionekana mpaka nyuma kabisa, nilikokuwa nimejificha. Haluwa akasema kwamba yeye leo ni Habona wa Kulesa, mvushaji, aliyevusha watu na ndama. Alilitaja jina mara tatu. Kila mara Nyanya Eliza aliitikia, sauti ndogo lakini inasikika, kama mtu anayejibu hodi.

Mzazi mmoja aliyesimama karibu nami, mwanamume nadhifu mwenye shati la mstari, akaniegemea.

"Hebu tazama mgongoni pale. Ni fundi gani ameshona vile?"

Kwa miaka yote niliyokuwa nimeketi kwenye cherehani, hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. Nilikuwa nalisikia kichwani kila nilipokabidhi nguo.

"Ni mimi," nikamwambia.

Baadaye Mzee Dadho alirudi, alikuwa amesikia habari za yule mzee na ndama na alidai ni babu yake. Alileta kikoi chenye viraka vitatu. Niliviulizia kimoja kimoja, akanieleza vyote, ikatuchukua asubuhi nzima, nami nikapinda ukingo tu.

Cherehani nimewaachia, na makasi, na sabuni. Bado nahesabu mishono kwenye mashati ya watu, na bado sentensi hii nimeifuta mara mbili. Lakini tangu ile Alhamisi ya Kulesa mpaka siku niliyofunga kazi, sikufumua mshono wa mtu yeyote kabla ya kumwuliza ni nani aliyeushona.